Senti Zenye Taji Kwenye Paa la Bi Zena

Vijana wangu, shikamoo zenu nimezipokea zote, za mdomoni na za kwenye simu. Marahaba. Sasa acheni kuniuliza kama senti ya tundu ina zebaki ndani. Haina zebaki, haina almasi, wala hakuna Mzungu anayekusubiri hotelini na sanduku la dola. Juzi kijana mmoja kanifuata hapa Buguruni mbio mpaka kandambili imekatika, kaifunga senti kumi ya mkoloni kwenye leso, anahema. "Babu, hii milioni ngapi?" Nikamwambia, mwanangu, hii ukimpata muuza duka mwenye huruma atakupa soda. Akanuna. Mimi nikaigeuza nikaona pembe mbili za tembo zimelikumbatia lile tundu, nikaona mwaka wake, nikaona mikwaruzo ya watu walioishika kabla sijazaliwa, na moyo ukanidunda kabisa. Huyo kijana alidhani namcheka. Wallahi nilikuwa nafurahi!

Nimekuwa fundi paa maisha yangu yote, kwanza wa kuezeka, baadaye wa kuezua. Nyumba za zamani za Temeke, Ilala na Kinondoni, zile za vyumba sita na ukumbi katikati, nyingi nimezivua kofia kwa mikono yangu. Bati chakavu nauza, mbao nauza, misumari nanyoosha. Lakini kilichonifanya niamke kabla ya jogoo miaka yote hiyo ni kitu ambacho wenzangu walikuwa wanakitupa chini.

Ngoja niwaeleze, maana nyie mmezaliwa mmekuta bati la rangi la msauzi na misumari ya kukaza kwa mashine, yenye mpira wake tayari. Zamani msumari wa bati ulihitaji washa chini ya kichwa, kijisahani cha kuzuia maji yasipenye na upepo usiling'oe bati. Washa zikiwa hazipatikani, au bei imemshinda mwenye nyumba, fundi anafanyaje? Anaangalia mfukoni. Senti moja ina tundu, senti tano ina tundu, senti kumi ina tundu, na zote ni shaba isiyooza. Msumari unapita, kichwa kinakaa, kazi imekwisha. Fedha ya mkoloni ikapigiliwa juu ya nyumba ikalala huko na popo. Basi nyie mkipita chini mnaona bati lina kutu tu. Mimi nikipita naona hazina!

Aliyenifundisha kazi ni Fundi Maganga, Mnyamwezi wa Tabora, mtani wangu kwa kuwa mimi ni Mzaramo. Siku ya kwanza tunaezua pamoja, yeye juu anang'oa na kutupa, mimi chini nimeinama naokota senti kwenye mchanga badala ya kupokea bati. Akanipigia kelele mpaka majirani wakatoka.

"Tazameni Mzaramo huyu! Hata senti iliyokwisha kufa anaizika mfukoni!"

Nami nikamjibu, "Afadhali mie naokota. Nyie babu zenu walibeba mizigo ya watu mpaka Bagamoyo, hamkubaki hata na kamba."

Alicheka nusura aanguke. Tangu hapo akawa ananirushia, na kila akirusha anataja jina la duka la kufikirika ambalo nitakwenda kuzitumia. Maganga hakuwahi kuelewa ninachokiona kwenye vile visahani, na nilipojaribu kumweleza aliniambia nikaoe.

Basi nikaoa, na senti zikaendelea kuja. Nilizipanga kwenye trei za mayai, kila tundu la yai na mwaka wake. Hapo ndipo ugonjwa wenyewe ulipo. Sarafu hizi si adimu, zilitengenezwa nyingi mno, kila mtu alikuwa nazo. Lakini jaribu kuzipata za kila mwaka, uone. Unapata za mwaka mmoja mpaka unachoka, za mwaka unaofuata huoni hata moja, ukizunguka paa baada ya paa. Halafu siku moja uko Keko, jua la saa saba linakuchoma kisogo, unageuza senti iliyojaa vumbi, na mwaka wenyewe unakutazama. Nilipiga vigelegele juu ya mbao za kenchi, mwanaume mzima! Mwenye nyumba akadhani nimeng'atwa na nyigu, akakimbilia ndoo ya maji.

Kuna vitu vya mikono ambavyo hamtavipata kwenye simu, vishikeni. Usiing'oe senti kwa kuegemeza nyundo juu yake, utaikunja na kuichubua. Weka kipande cha ubao mlaini pembeni, inua msumari kidogo kidogo. Msumari ukikataa, ingia chini ya bati, uukate kwa msumeno wa chuma, senti itadondoka yenyewe kiganjani. Usizitunge kwenye kamba kama shanga, zinasuguana. Na zaidi ya yote, msizisugue! Hilo nililijua kwa aibu. Kuna mwalimu mmoja wa Mbezi Beach, mkusanyaji kama mimi, alisema atakuja kuangalia zangu. Mke wangu akasema mgeni hakaribishwi kwa vitu vichafu. Tukakaa uani mimi na yeye, ukwaju, majivu na kitambaa cha katani, tukazisugua senti zile asubuhi nzima kama masufuria ya shughuli. Zikang'aa! Mwalimu alipofungua trei aliuliza taratibu, "Fundi, zimepatwa na nini hizi?" Alikuwa kama mtu aliyeonyeshwa maiti. Akanieleza kwamba ile rangi ya kahawia iliyokoza ndiyo ngozi ya sarafu, na ukiichuna haioti tena. Mke wangu alikasirika, si kwa senti, kwa ukwaju wake. Siku hizi natumia mafuta ya nazi, tone moja, naiacha ilale, nafuta kwa kipande cha kanga kuukuu basi.

Sasa kuna jambo moja kuhusu taji, lisikilizeni vizuri, maana lilikuja kumkalia mtu kooni. Senti zote za tundu za mkoloni, za Mfalme na za Malkia, zina taji juu ya tundu. Tulipojitawala, karibu na wakati wa Muungano, zikatoka senti tano na senti kumi nyingine, pembe za tembo zilezile, tundu lilelile, ila taji halipo. Hazikudumu sana. Muda mfupi baadaye tukapata sarafu zetu wenyewe, senti tano ina samaki, thumuni ina sungura. Nchi nzima ikashangilia isipokuwa mafundi paa, kwa sababu yule samaki hakuwa na tundu. Maganga aliniambia walikaa kijiweni wamenuna siku nzima. "Uhuru mzuri," aliniambia, "ila wangetuachia tundu."

Paa la mwisho nililopanda kabla sijastaafu lilikuwa la Bi Zena, Temeke. Bi Zena ni mama wa makamo yangu hivi, mkazi wa nyumba ile tangu utotoni, na anachoma vitumbua barazani kama marehemu mama yake, Bi Mwajuma. Paa lilikuwa limechoka, akaniita niezue na kuezeka upya. Nimefika na ngazi, sijaiegemeza hata ukutani, akaingia mdogo wake, Saidi, ametoka Kipawa na pikipiki, amekasirika.

"Shikamoo mzee. Samahani, hapaezuliwi kitu hapa mpaka ijulikane nyumba ni ya nani."

Nikashusha ngazi. Mambo yakawa hivi. Bi Zena na Saidi ni wa tumbo moja, baba tofauti. Baba yake Saidi, Mzee Mfaume, alikuwa fundi cherehani kutoka Kilwa, akamuoa Bi Mwajuma na kumkuta na Zena mdogo. Wazazi wote wamekwisha kufa, karatasi za nyumba zililiwa na mchwa. Bi Zena anasema nyumba aliijenga mama kwa vitumbua kabla hajaolewa na Mzee Mfaume. Saidi anasema nyumba aliijenga baba yake. Kama ni ya mama, wanarithi wote wawili. Kama ni ya Mzee Mfaume, Bi Zena hana chake hata tofali, maana si mtoto wa yule mzee. Na Saidi alikwishapata mnunuzi.

"Mie sina roho mbaya na dada," Saidi akaniambia. "Lakini baba alinishika mkono nikiwa mdogo, akanionyesha juu, akasema paa hili nimelipigilia kwa mikono yangu. Sasa nyie mnataka niseme baba yangu mwongo?"

Bi Zena akajibu huku anageuza kitumbua, "Na mie mama yangu aliniambia kila msumari pale juu una kitumbua chake. Nae mwongo?"

Nyie, mwili ulinisisimka! Nilikuwa nimekwisha kuona, pale kwenye upenu, kichwa cha msumari kimekalia senti ya tundu. Senti tano ndiyo iliyokuwa bei ya kitumbua enzi hizo. Nikauliza swali moja tu: Mzee Mfaume alifika Dar lini? Saidi akasema Muungano umeshapita, hilo halina ubishi, hata Bi Zena akaitikia. Basi nikawaambia, paa lenyewe tuliulize. Nikawaeleza habari ya taji kama nilivyowaeleza nyie; mwaka unahitaji miwani, taji hata mtoto analiona. Senti zenye taji ziliendelea kutumika hata baada ya Muungano, kwa hiyo moja au mbili hazisemi kitu. Lakini mtu aliyeezeka nyumba nzima baada ya Muungano, akachota senti mkobani, lazima zisizo na taji ziwe zimechanganyika humo. Zikiwa zimechanganyika, paa ni la Mzee Mfaume. Zikiwa za taji tupu, lilikuwepo kabla hajafika.

Saidi akasema sawa, aitwe mwenyekiti wa mtaa ashuhudie. Bi Zena alitoa kikaango motoni, akafuta mikono kwenye kanga, akamtazama mdogo wake.

"Panda, fundi. Kama mama yangu alinidanganya, nitaondoka na masufuria yangu na sitamlaumu mtu."

Nilipanda mwenyewe. Magoti yalilia lakini nisingempa mtu mwingine kazi ile hata kwa mshahara wa waziri. Nikaanzia mbele. Ubao mlaini, inua, inua, senti ya kwanza kiganjani. Taji! Nikaitupa kwenye ungo alioushika mwenyekiti. Ya pili taji. Ya tatu ya Mfalme, pembe zake bado kali kabisa, nikataka kuibusu. Bati la kwanza lote taji, la pili lote taji, mstari mzima wa mbele taji tupu. Majirani walikuwa wamejaa, kila senti ikidondoka wanaitikia "Taji!" kama mpirani. Watoto wanaruka. Bi Zena alikaa kwenye mbuzi ya kukunia nazi, mikono mapajani. Nikavuka kileleni, nikashuka upande wa uani. Taji, taji, taji. Nami nimepandwa na kiherehere, jasho linaingia machoni.

Halafu, bati la karibu na jiko, nikainua moja nikaigeuza, juu ya tundu hakuna kitu.

Sikuweza kuificha. Nikasema, "Hii haina taji." Inayofuata, haina. Ya tatu, haina.

Saidi akapiga kofi. "Eeh! Si niliwaambia? Baba!" Hapo akageukia ukuta. Bi Zena akainuka taratibu, akaanza kukusanya masufuria, moja ndani ya jingine. Hakuna aliyemzuia.

Mimi nimebaki na senti mkononi, roho inaniuma kwa sababu ya mdomo wangu. Nikarudisha macho kwenye lile bati ili nisimtazame yule mama. Ndipo nikaona misumari imepigwa bondeni.

Bati lina migongo na mabonde. Maji yanapita bondeni. Msumari unapigwa mgongoni, siku zote, mgongoni, ili maji yasiufikie. Fundi yeyote duniani anajua hivyo. Mimi niliwahi kupiga mmoja bondeni kwa haraka, Maganga akanivua kofia akaitupa mtaroni. Misumari yote niliyong'oa tangu asubuhi ilikuwa mgongoni, imenyooka kama safu ya swala. Ila ya bati hili, yote bondeni! Nikang'oa iliyobaki, nikalifunua. Chini yake kulikuwa na bati jingine, la zamani, limetoboka kwa kutu, na bado limeshikiliwa na misumari yake, mgongoni, kila mmoja na senti yake. Nikazifuta kwa kidole.

"Taji!" nilipiga ukelele nikadhani nitadondoka. "Bi Zena, weka masufuria chini! Saidi, panda! Panda uone mwenyewe!"

Akapanda na viatu vyake vya ofisini. Nikamwonyesha bati la chini na la juu, mgongo na bonde. Nikamwambia, hiki ni kiraka, mwanangu. Paa lilikuwepo, likatoboka hapa, mtu akaleta bati moja akaziba. Na mtu huyo hakuwa fundi paa.

Saidi alilishika lile bati muda mrefu. Halafu mabega yakaanza kumtikisika, nikadhani analia, kumbe anacheka, kisha nikaona anafanya vyote viwili.

"Fundi cherehani huyo. Baba angejuaje mambo ya mgongo na bonde? Kaweka kiraka kama cha suruali."

Bi Zena akaja chini ya upenu, amekinga jua kwa mkono. "Mbona mie namkumbuka kapanda hapo!" alisema, na sauti yake ilikuwa ya kitoto kabisa. "Mama yuko hapa chini anampigia kelele, mume wangu shuka, utaniachia ujane! Nae anasema, mke wangu hawezi kupika anyeshewe. Mie ndo nilikuwa nampa misumari. Saidi hujazaliwa wewe. Mvua iliyofuata likavuja kuliko mwanzo, mama kacheka wiki nzima."

"Kwa hiyo alipigilia kweli," Saidi akasema.

"Alipigilia kweli. Baba hakukudanganya."

Mwenyekiti alitaka kutoa hotuba, hakuna aliyemsikiliza. Saidi alishuka, akachukua masufuria mikononi mwa dada yake, akayarudisha jikoni mwenyewe. Habari ya mnunuzi sikuisikia tena. Wiki iliyofuata nilipoanza kuezeka alikuja na bati za msauzi amezilipia yeye nusu.

Siku ya kumaliza, upande wa uani juu ya jiko, Saidi akanipa moja ya zile senti zisizo na taji. Akasema anaomba niirudishe palepale alipoipiga baba yake. Nikaona ni jambo jema, nikaipitishia msumari, nikailaza mgongoni, nikanyanyua nyundo.

"Wewe fundi!" Bi Zena akapaza sauti toka chini. "Ndo alivyopiga hivyo?"

"Bi Zena, nikipiga bondeni litavuja."

"Mie nimekuuliza, ndo alivyopiga hivyo?"

Nikamtazama Saidi, Saidi kainamisha kichwa anacheka. Maisha yangu yote kwenye mapaa, msumari wangu wa mwisho wa kazi nikaupiga bondeni kwa makusudi, senti ya tundu chini yake, na nikaukaza vizuri.

Mvua ya kwanza ya masika, asubuhi, nanywa chai, simu ikaita. Nasikia mvua inapiga bati huku na huku, kwake na kwangu, na nyuma yake nasikia Saidi anacheka. Bi Zena alikuwa anapiga kelele za furaha.

"Fundi! Linavuja! Linavuja palepale!"